Banda la Pijo

Chumbageni, nyumba ya tatu ukipita kisima kibovu,
kuna banda la mabati ambamo kwa miaka kumi na mmoja
gari lililala juu ya matofali.
Hizza alisema: mwezi ujao.
Mwezi ujao ukaja na gasketi, ukaja na kabureta,
ukaja na spea inayoletwa na mtu kutoka Mombasa,
mtu ambaye mpaka leo yuko Horohoro anagongewa muhuri.
Kisha Hizza akatangulia yeye,
Pijo ikabaki inanitazama mimi.

Daktari wa Bombo, kijana, shati limepigwa pasi,
aliuinua mkono wangu, ukagoma usawa wa sikio.
"Mama, bega lisipofanya kazi litaganda.
Na sukari nayo ndiyo hii. Nyanyua kitu. Chochote."
Nikamwambia nanyanyua ndoo tangu wewe hujazaliwa.
Akasema, "Ndoo unawanyanyulia watu."

Nikaita wa chuma chakavu.
Wakaja na nyundo na mzani, wakaipima vipande vipande:
mlango, mlango, boneti, buti,
usukani uliosuguliwa na viganja vyake ukawa mweusi wa kung'aa
(huo nikasema hapana, huo hauna kilo).
Ilipopanda ekseli nikauliza, inasemaje?
"Tisa na nusu."
Iacheni hapo. Hiyo nainunua mimi.
Wakatazamana. Mwenye mali ananunua mali yake!
Nikawakata bei hivyo hivyo.

Fundi Kihiyo akaikwangua kutu.
Uzito tukaumimina wenyewe, mimi na mjukuu wangu Mbelwa:
saruji nusu mfuko, makopo mawili ya rangi, bomba katikati,
siku tatu tunanyunyizia maji asubuhi na jioni
kama watu waliopanda miche.
Kopo moja likatoka na ufa. Tukalifunga mpira wa tairi,
likawa na kilemba.
Kamba ni ya mkonge. Miaka ishirini na sita
nilichapa ankara za mkonge, marobota kwa marobota,
bila kuugusa hata uzi.
Sasa nauvuta, unanikwaruza. Ndiyo kwanza tunajuana.
Benchi limetoka kwa kinyozi aliyehamia Muheza.
Usukani uko msumarini, unashika taulo.
Kioo sikuweka.

Bi Mwanaheri akachungulia juu ya ukuta:
"Jirani, unafunga mashine ya kusaga?"
Nasaga bega.
Akacheka mpaka akakohoa.
Jumamosi akaja na raba za mwanawe, kanga kaifunga kibwebwe,
"nimekuja kuona tu,"
akaona mara kumi, akapumzika, akaona mara kumi tena,
akaondoka bila kuaga, ameshika kiuno.
Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kabla yangu.

Doa la oili limebaki sakafuni.
Nililipa sabuni, nikalipa majivu, nikalipa mafuta ya taa,
siku ya nne nikaacha kulidai.
Hapo ndipo ninaposimama,
mguu huku, mguu huku,
pumzi ndani, chuma juu, pumzi nje,
na harufu ile ya injini hupanda kidogo bati likipata jua.

Kwenye dashibodi kulikuwa na daftari lake.
Tarehe. Maili. Oili. Maoni.
Mstari wa mwisho, kwa mkono wake: *haiwaki, kesho.*
Nikapiga mstari chini yake, nikaendelea.
Penye Maili nasoma Mara.
Jumatatu, tano.
Jumatano, tano, ya sita ikanirudisha.
Alhamisi mvua, bati linapiga kelele, sikusikia hesabu.
Jana, sita. Maoni: *inakwama juu kidogo ya sikio. Kesho.*

Nikalitazama neno hilo,
mwandiko wangu, neno lake.
Nikachukua taa, nikarudi bandani.